Kirusi Aliyefanywa Hamali

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama, Mji Mkongwe, Unguja. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)



Tumetakiwa jioni hii tuseme juu ya jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani anafanyiwa mzaha. Nalo ni kuwa madaktari wa leo huchukua kirusi, kidudu kisichoonekana kwa jicho, kile kile tunachokijua kwa kutuletea maradhi, wakakivua silaha zake, wakakitwika mzigo wa dawa, kisha wakakiingiza katika mwili wa mgonjwa kikampelekee mzigo huo mpaka ndani ya chembe za damu yake.

Barazani tumeulizwa, na wengine wameuliza kwa kejeli, Chama cha siasa kina haja gani na virusi. Jawabu letu ni fupi. Kila kinachotiwa katika damu ya mwananchi ni shughuli ya Chama. Na kila dawa ambayo mwananchi hawezi kuipata kwa kuwa bei yake imekatwa na mtu aliye mbali, asiyemjua wala kumwona, hiyo ni shughuli ya Chama khasa.

Tuanze na maradhi, kisha ndiyo tuje kwenye dawa.

Twadhani hapana mtaa katika Unguja, ukianzia Malindi na Shangani, ukavuka Darajani ukaenea Ng'ambo yote, ukafika hata Nungwi na Makunduchi, usio na nyumba inayoijua sikoseli. Mtoto huzaliwa mzima na mzuri. Akifika miezi sita hivi vidole vya mikono na miguu huvimba. Halafu macho huingia manjano. Halafu huja yale maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie usiku kucha mpaka sauti ikauke. Baba anatafuta gari usiku wa manane, mama kambeba, na wakifika spitali wanaambiwa damu imepungua, tafuteni mtu wa kumtolea. Baada ya wiki mbili karudi skuli anacheza, na mwezi ujao ni yale yale. Wako wanaopigwa na kiharusi nao bado watoto wadogo. Zamani tulikuwa tukisema baridi yabisi, tukisema kijicho, tukisema mtoto kapitiwa na shetani. Na mara nyingi, nalo ni jambo la aibu, tulikuwa tukisema ni mkosi wa mama yake.

Si mkosi wa mama. Ndani ya karibu kila chembe ya mwili wetu yamo maandishi ya urithi, nusu tumepewa na baba na nusu tumepewa na mama. Fungu la maandishi hayo lenye amri yake moja huitwa jeni. Liko jeni linaloufundisha mwili namna ya kuitengeneza himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayochukua hewa mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo. Kwa mwenye sikoseli, katika jeni hilo imebadilika herufi moja tu. Herufi moja! Mhariri wa gazeti letu anajua vyema herufi moja inavyoweza kuharibu khabari nzima. Himoglobini inayotoka hapo, ikishaitoa hewa yake, hushikana ikawa kama vijiti, na chembe ya damu iliyotakiwa iwe mviringo na laini hupindika mfano wa mundu. Chembe hizo hunasa katika mishipa midogo kama makuti yanavyoziba mfereji wakati wa masika. Hapo ndipo panapouma.

Mwenye kurithi jeni hilo kwa mzazi mmoja tu haumwi. Huishi, akafanya kazi, akazaa. Lakini wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina fungu moja katika manne la kutoka mtoto mgonjwa. Basi mwenye kumlaumu mama na ajue kuwa baba naye katoa nusu yake.

Na jeni hili limetujia kwa sababu. Mwaka 1954 daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alitangaza katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba watu wenye jeni moja la sikoseli wanahimili malaria kuliko wasio nalo. Alikuwa amelichunguza jambo hilo huku huku kwetu, Afrika ya Mashariki. Maana yake ni kuwa katika nchi za mbu, kwa maelfu ya miaka, mwenye jeni hilo moja alisalimika mwenzake akafa, naye akawarithisha wanawe. Kwa hivyo sikoseli ni ngao ya wazee wetu, ila ngao hiyo ikiwa mbili humwangukia mtoto. Sasa katika visiwa vyetu malaria imepungua mno tangu mwaka 2003 zilipoletwa dawa za mseto, kisha vyandarua na kupiga dawa majumbani. Vita vimepungua, ngao tumebaki nayo, na uzito wake ni ule ule.

Kwa Tanzania nzima yakadiriwa watoto kiasi cha 11,000 huzaliwa na sikoseli kila mwaka. Nchi yetu imo mstari wa mbele duniani kwa hesabu hiyo, na si mstari wa kujivunia. Pale Muhimbili, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamewaandikisha maelfu ya wagonjwa na kuwafuata mwaka baada ya mwaka, likawa moja katika makundi makubwa kabisa duniani ya wagonjwa wa sikoseli wanaoangaliwa mahali pamoja. Tunaomba mlishike neno hili mpaka tutakaporudi kwake: elimu nyingi ya maradhi haya imetoka katika damu ya watu wetu, na wasomi wetu wenyewe wana mkono katika kuitafuta.

Sasa tuje kwa hamali.

Kirusi hakili, hakinywi, hakina nyumba. Ni gamba tu, na ndani ya gamba mna maandishi machache ya urithi. Kazi yake ni kugonga mlango wa chembe ya mwili, kuingia, na kukabidhi maandishi yake. Chembe masikini huyasoma ikidhani ni amri za mwenye nyumba, ikaanza kutengeneza virusi vyingine. Ndivyo mafua yanavyoenea, ndivyo ukimwi unavyoenea. Wataalamu wakafikiri hivi: huyu kwa asili yake ni mchukuzi, na njia za milango yote anazijua. Tukimpokonya mzigo wake mbaya tukamtwika mzigo mzuri, si atatufikishia? Wakayatoa maandishi ya madhara, na yale ya kumwezesha kuzaana, wakabakisha gamba linaloijua njia, wakatia ndani jeni wanalolitaka wao.

Wachukuzi hao hawako sawa, kama mahamali wa bandarini wasivyokuwa sawa. Yuko wa jamaa ya virusi vya mafua, ambaye hufikisha mzigo, chembe ikausoma kwa muda, kisha ukapotea. Huyo hufaa kwa chanjo. Yuko mdogo sana, mzigo wake ni mwepesi, ambaye hutumiwa kwa maradhi ya macho na ya mishipa ya fahamu; dawa ya upofu mmoja wa kurithi iliyobebwa na huyo ilipata idhini Marekani mwaka 2017. Na yuko wa tatu, ambaye hauachi mzigo mlangoni. Huuingiza na kuushona ndani ya kitabu chenyewe cha chembe, hata chembe ile ikizaa, watoto wake wote huurithi. Kwa sikoseli huyu wa tatu ndiye anayetakiwa, kwa sababu chembe za damu hazina umri mrefu. Ukiitengeneza chembe moja ya damu leo, baada ya miezi minne haipo. Lazima ufike kwenye uboho wa mifupa, kwa zile chembe mama zinazozaa damu siku zote.

Na huyo hamali wa tatu ni nani? Mtastaajabu. Katengenezwa kutokana na kirusi cha ukimwi. Ndiyo, kile kile kilichowazika ndugu zetu. Amepokonywa karibu kila alichokuwa nacho, hawezi kuzaana, hawezi kumtia mtu ukimwi. Kilichobaki ni ule ujuzi wake wa kuingia katika chembe za damu na kushona. Tunalisema hili wazi mbele yenu kwa sababu mkilisikia nusu nusu kwa watu wa mtaani, itakuja kuwa fitina.

Mtoto wa kwanza wa sikoseli kutibiwa hivyo alikuwa kijana wa miaka 13, katika mji wa Paris, mwezi wa Oktoba mwaka 2014. Khabari zake zilichapishwa mwaka 2017: maumivu yamekatika, na kuongezwa damu kumesita. Tarehe 8 Disemba 2023 serikali ya Marekani ikaidhinisha dawa ya namna hiyo, jina lake Lyfgenia, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Siku hiyo hiyo iliidhinishwa na nyingine, Casgevy, ambayo haitumii hamali bali mkasi wa kukata jeni ndani ya chembe.

Yafanywa vipi? Mgonjwa hutolewa chembe mama za damu, zikapelekwa katika kiwanda mbali na spitali, huko zikakutanishwa na yule hamali. Zinaporudi, mgonjwa hupewa kwanza dawa kali ya kuufagia uboho wake wa zamani, dawa ya namna wanayopewa wenye saratani. Nywele hupuputika, kinywa hufanya vidonda, na yawezekana asipate kizazi baadaye. Kisha hurudishiwa chembe zake mwenyewe zilizotengenezwa, akakaa spitali wiki nyingi akilindwa na kila aina ya maambukizo. Si sindano ya kudungwa asubuhi ukenda sokoni mchana.

Wala si kazi isiyokuwa na misiba. Mwaka 1999, huko Philadelphia, kijana wa miaka 18 alifariki siku chache baada ya kutiwa kirusi cha jamaa ya mafua kilichobeba jeni. Mwili wake ulikipiga vita hata ukajiua wenyewe. Miaka hiyo hiyo Paris waliponyeshwa watoto waliozaliwa bila ya kinga, furaha kubwa, kisha baadhi yao wakapata saratani ya damu kwa kuwa hamali wa wakati ule, asiyekuwa huyu wa leo, aliushona mzigo mahali pabaya, kando ya jeni la kukuza chembe. Hata hii Lyfgenia imetoka na onyo kubwa juu ya saratani ya damu. Anayewaambia kuwa elimu hii haina khatari anawauzia kitu. Na anayewaambia kuwa ni sumu tupu, naye aulizwe nani kamtuma.

Wako watakaosema, haya ni mambo ya Ulaya, yatatufikia lini. Yamekwisha kufika, ila yalipita bila ya kutajwa kwa jina. Tarehe 24 Julai 2021 nchi yetu ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya korona ya Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi yetu hapa, alichanjwa mbele ya watu wote. Ile ndiyo hiyo: kirusi cha jamaa ya mafua, kimevuliwa uwezo wa kuzaana, kimetwikwa jeni moja la kirusi cha korona ili mwili ulisome, umjue adui, na ujitayarishe. Huyo ni hamali wa aina ya kwanza, asiyeshona. Baadaye chanjo hiyo iliachia nafasi nyingine, kwa sababu miongoni mwa nyengine ya madhara adimu ya damu kuganda, na Marekani idhini yake iliondolewa mwaka 2023. Lakini waliochanjwa kwayo wamo humu ukumbini, na hawakuota pembe.

Bagamoyo, ambako jahazi la Unguja hufika kwa upepo mzuri, wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford waliwachanja watu wazima, watoto na wachanga kwa virusi viwili vya kubeba, kimoja kimetolewa kwa sokwe, vyenye jeni la vijidudu vya malaria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023, na jambo lililofurahisha ni kuwa miili ya wachanga ilijibu kwa nguvu kuliko ya wakubwa. Na Kongo ya mashariki, kwa ndugu zetu wa Kiswahili wa Beni, Butembo na Goma, ebola ilipoingia mwaka 2018, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa kwa kirusi cha mifugo kilichovishwa gamba la ebola, kilichobuniwa Kanada. Maradhi yale yaliua watu 2,287 mpaka yalipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Bila ya chanjo ile hesabu ingekuwa nyingine.

Walakini Butembo na Katwa, mwezi wa Februari mwaka 2019, watu walizivamia na kuzichoma nyumba za kutibia ebola. Magazeti ya Ulaya yakaandika ujinga. Sisi wa Unguja hatuwezi kuandika hivyo, kwa kuwa tunayo Kiembe Samaki. Mwezi wa Julai mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao wasidungwe sindano ya kimeta. Serikali ya kikoloni ikawakamata, ikawashitaki, watu wakajaribu kuwatoa, na polisi wakapiga risasi, waliokufa walikufa. Vita vya Ng'ombe, ndivyo wazee wetu wanavyoviita. Je, wakulima wale hawakuwapenda ng'ombe wao? Au hawakujua kimeta ni nini? Walikuwa wamenyang'anywa ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikuwa wakiamrishwa bila ya kuulizwa, na aliyekuja na sindano alikuwa ni yule yule aliyechukua konde. Sindano inaweza kuwa njema kabisa, lakini mwananchi humtazama kwanza mkono unaoishika.

Kwa ajili hiyo twataka khabari za elimu hii ziandikwe kwa Kiswahili na zisomwe mabarazani kabla ya dawa kufika, wasiachiwe watu wa redio za mdomoni. Mama wa mtoto wa sikoseli akiletewa karatasi ya kutia saini kwamba mwanawe afanyiwe majaribio, na iwe ni karatasi anayoisoma mwenyewe akaifahamu, na akisema hapana isiwe ndiyo sababu ya kukosa panadoli.

Sasa bei. Tumeichelewesha makusudi. Dawa ile ya hamali, Lyfgenia, bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya bilioni 7. Ile ya mkasi ni dola milioni 2.2. Tunasikia vicheko, nasi hatuna la kufanya ila kucheka nanyi, maana mtu akikwambia bei ya namna hiyo hakuuzii, anakufukuza dukani.

Mnaona mambo yalivyokuwa? Maradhi ni yetu kwa wingi wake. Damu iliyotazamwa kwa darubini, khasa kujua jeni hili na malaria vinahusiana vipi, ilitoka mikononi mwetu. Dawa ikapatikana, na ikapandishwa meli ya kwenda kwengine. Hii si khabari ngeni kwa watu wa karafuu. Tulipanda, tukachuma, tukaanika, na bei ilikatwa na wasiojua mkarafuu una majani gani. Mahamali na makuli wa bandari yetu walipogoma mwaka 1948, mji mzima ukasimama nao, hawakuwa wakigoma kwa kuuchukia mzigo. Waligoma kwa kuwa mgongo ulikuwa wao na faida ilikuwa ya watu wengine.

Wengine watasema dawa ya shida hii ni kiwanda. Tujengewe kiwanda Afrika, yatakwisha. Tusiwe wepesi. Chanjo ile ya Johnson & Johnson ilikuwa ikitiwa chupani Afrika ya Kusini, katika mji wa Gqeberha, kwa mikono ya Waafrika. Mwezi wa Agosti mwaka 2021 ikajulikana kwamba mamilioni ya chupa zilizojazwa pale zimepelekwa Ulaya, wakati Waafrika wanangoja foleni na kufa. Mkataba ndivyo ulivyoandikwa. Palipopigwa kelele ndipo Ulaya wakakubali kurudisha. Basi kiwanda kilikuwa Afrika, na wafanyakazi Waafrika, na mzigo ulikuwa si wa Afrika. Tunachotaka kukiangalia ni karatasi ya mkataba, nani ana haki ya kusema chupa hii inakwenda wapi. Jengo la kiwanda laweza kuwa zuri sana na lisiwe letu hata tofali.

Yako matumaini, na si haki kuyaficha. Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani na wakfu wa Gates waliahidi kila mmoja dola milioni 100 kwa muda wa miaka minne, kutafuta tiba ya jeni ya sikoseli na ya ukimwi itakayoweza kutumika katika nchi kama zetu. Fikra yao ni kuwa hamali atiwe moja kwa moja mwilini kwa sindano, aitafute mwenyewe chembe mama katika uboho, pasiwe na kiwanda cha mbali wala kufagia uboho kwa dawa kali. Likiwezekana hilo, spitali ya wilaya itaweza kuifanya kazi ambayo leo inataka spitali kubwa kabisa za duniani. Bado halijawezekana kwa sikoseli. Kampala, katika kituo chao cha utafiti cha JCRC, Waganda wamejiweka tayari kwa elimu hii. Kwetu Tanzania, mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wa sikoseli uboho wa ndugu zao. Hiyo si kazi ya virusi, lakini ni ngazi ya kwanza yake: mwenye kujua kuulinda mwili wa mtoto asiye na uboho ndiye atakayeweza kesho kumpokea hamali. Kwa hivyo daktari mmoja kijana wa Unguja akipelekwa Dodoma kujifunza kazi hiyo, ana faida kwetu kuliko warsha kumi za hoteli ya ufukweni.

Na kuna la kufanywa leo, bila ya kumngojea mtu. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Kilifi ya Kenya, Mbale ya Uganda, Kinshasa na Luanda, kwa watoto 606 wa sikoseli waliopewa kidonge kiitwacho haidroksiyurea. Maumivu yakapungua, kuongezwa damu kukapungua, vifo vikapungua, na hata malaria ikapungua. Ni dawa ya zamani, inajulikana, inamezwa kwa maji ya mtungini. Mtoto mchanga akipimwa damu ya kisigino anapozaliwa, akijulikana, akapewa penisilini mapema na chanjo zake, na baadaye kidonge hicho, anaweza kukua akawa mtu. Asipopimwa, katika Afrika yakadiriwa zaidi ya nusu ya watoto hawa hawafiki umri wa miaka mitano, na wengi wao huzikwa bila ya kujulikana walikufa kwa nini. Wazee husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hatuwezi kwenda Geneva kuudai mzigo wa hamali wa dola milioni 3 nasi kisigino cha mtoto hatujakitoboa.

Kwa hivyo tunawaletea wanachama maneno matatu wayajadili, wayabadilishe wakitaka, kisha yapelekwe kwa wawakilishi wetu kuwa ni sauti ya tawi. Kwanza, kila mtoto anayezaliwa Unguja na Pemba apimwe sikoseli, na kidonge cha haidroksiyurea kisikosekane katika spitali za serikali, mjini na shamba. Pili, mtafiti ye yote, wa nje au wa ndani, atakayechukua damu ya wananchi kwa ajili ya dawa za jeni, mkataba wake uwe na kifungu kinachosema dawa ikipatikana itauzwa hapa kwa bei gani, na kifungu hicho kisomwe hadharani kabla ya sindano ya kwanza. Tatu, itengwe fedha kila mwaka kuwasomesha vijana wetu kazi ya uboho na kazi ya virusi vya kubeba, wasome Muhimbili, wasome Dodoma, wasome Kampala, na ng'ambo ya bahari ikibidi, na warudi.

Neno la pili ndilo tunalolihofia zaidi kuwa litapunguzwa makali huko mbele. Watakuja watu wenye lugha tamu, watasema mkisema bei mapema mtawafukuza wafadhili. Waulizwe wale wa Gqeberha.

Kuhusu vijana wanaotaka kuoana, kuna bwana mmoja alitutumia kijikaratasi hapa akitaka Chama kipige marufuku ndoa za wenye jeni. Hatukubaliani naye hata kidogo. Mtu apimwe, ajue, kisha aamue yeye na mwenzake na wazee wao. Chama hakiingii chumbani kwa mtu. Ila aibu ya kupima ndiyo tunayotaka iondoke, na itaondoka wakianza kupima viongozi wenyewe. Katibu ana daftari mezani pale kwa wanaotaka kwenda kupima pamoja Jumamosi. Majina ya kwanza matatu ni ya watu wa kamati. Bwana Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali, na tungependa aanze mama yule aliyenyanyua mkono tangu tulipotaja Paris.